Ndugu Kumi na Saba na Mmoja Tuliyempita Njiani

Tangu nirudi sijakaa kibarazani kwangu hata robo saa bila mtu kuingia uani na kuuliza, "Mwinjilisti, ilikuwaje huko?" Nami najibu kipande, kisha anakuja mwingine, najibu kipande kingine, na jioni nasikia vipande vile vimeunganishwa na watu wengine kwa namna ambayo hata mimi siijui. Basi nimeona niandike safari yote, hatua kwa hatua, wapenzi wangu wa Bombo mwisomeane. Sehemu ya habari hii ni kosa langu mwenyewe. Nimeomba ruhusa kwa aliyekosewa, naye amesema, "Andika, baba, lakini usijipambe."

Kutoka Bombo kushuka Maore

Anaeli mnamjua, mjukuu wangu wa miaka minane, mtoto wa mwisho wa mwanangu Mbonea. Mnajua alivyoanza kutoka damu puani bila kupigwa, na madoa kama ya zambarau miguuni, na homa isiyosikia dawa. Mama yake, Namsifu, alikuwa naye hospitalini Moshi mwezi wa pili sasa. Tulikuwa tumeambiwa kwamba uboho wake, ule ute wa ndani ya mfupa ambao sisi tukichinja ng'ombe tunagombea kuunyonya, umelala. Hautengenezi damu tena. Akiongezewa damu anaamka wiki mbili, tatu, kisha anafifia kama koroboi.

Siku ya Jumatano mchungaji alinipa barua iliyotoka hospitalini. Ilisema yupo daktari mgeni kutoka Ulaya, na kwamba huko kwao mtoto wa namna hii huweza kupandikizwa uboho wa mtu mwingine ukaota ndani yake kama mgomba. Lakini lazima kwanza damu ipimwe, ionekane ya nani inafanana na yake. Mwishoni iliandikwa: "Tafadhali waje ndugu zake wote, asibaki hata mmoja. Damu itasafirishwa kwa ndege Jumatatu mchana, na ndege nyingine ya namna hiyo hatuna."

Nilisoma maneno hayo mbele ya kanisa baada ya ibada ya jioni. Niliyasoma kwa sauti, na mara mbili.

Ndugu wote, asibaki hata mmoja. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka. Mdogo wangu Kiangi alisimama na wanawe wanne. Wakasimama wa upande wa kina Namsifu. Mwenyekiti wa kijiji naye akasimama, akasema, "Mimi huitwa Ndugu Mwenyekiti asubuhi mpaka jioni. Leo damu inatakiwa, nibaki nyumbani? Basi nisiitwe tena." Watu walicheka, lakini alikwenda kufunga mzigo. Balozi wetu wa nyumba kumi akajiandikisha, na mwalimu wa kwaya pia. Alhamisi tulipoanza kushuka tulikuwa kumi na saba, na vyungu viwili vya makande, na mkungu wa ndizi, na asali ya Kiangi ndani ya kibuyu. Njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Nilishuka nikimshukuru Mungu kwa moyo wa watu wetu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kwa lori mpaka Same

Ijumaa asubuhi lori la ushirika lilitupakia Maore. Tulikaa juu ya magunia ya mpunga, sisi wazee tukiwekwa karibu na kichwa cha gari. Mwenyekiti aligawa makande kwa kata, akihesabu kata kwa sauti ili asionewe mtu.

Mbele kidogo tulikuta korongo limejaa. Huko chini hakukuwa na wingu, ila mlimani ilinyesha, na maji yalishuka na mawe na vigogo. Tulingoja zaidi ya saa tatu. Mbonea alikuwa akitembea ukingoni, anarudi, anatembea tena. Hatimaye akaniuliza, "Baba, Jumatatu ni mbali?"

"Ni mbali," nikamwambia. "Kula."

Hakula.

Tulipovuka, jua lilikuwa limeshapinda. Ndipo tukaanza kuona mkonge, mistari na mistari mpaka macho yanachoka, na ile harufu ya makapi yake yanayooza ikatufikia kabla ya kiwanda kuonekana. Katika shamba lile anakaa binti yangu Nakijwa na mumewe Luka, Mbena aliyekuja zamani kukata mkonge na sasa ni nyapara. Kiangi alinigusa goti.

"Kaka, tusimame tumsalimu Nakijwa?"

"Tumechelewa," nikasema.

"Ni nyumba ya tatu kutoka barabarani."

"Tumechelewa, Kiangi."

Akanitazama. Yeye ni mmoja wa watu kumi waliokuwa nyumbani kwangu siku ile, miaka kumi na mitatu iliyopita. Vijana hamjui, na wazee mmenyamaza kwa sababu mimi niliwaamuru. Nakijwa alizaa mara tatu na mara tatu tukazika. Baada ya kaburi la tatu aliacha kusema na watu. Mwaka huohuo Namsifu, mke wa kaka yake, akajifungua mtoto wa kike, na siku ya arobaini akamchukua mwenyewe na kumweka mapajani mwa Nakijwa. Tukaita wazee. Mimi nikasali, nikainua mkono nikasema: "Kuanzia leo mtoto huyu ni wa Nakijwa. Yeyote atakayemwita mtoto wa mtu mwingine, awe amenitoka." Mtoto akaitwa Tumaini. Kwa kinywa changu akawa mtoto wa binti yangu.

Kwa hiyo barua iliposema ndugu wote, nilihesabu mpaka Mwenyekiti, lakini yule sikumhesabu. Sidanganyi nikisema alinijia moyoni. Alinijia tangu Jumatano. Nilijiambia, ni binamu yake tu, na mabinamu tunao kwenye lori wa kutosha.

Nyumba ya tatu ilipita. Uani palikuwa na msichana mrefu anaanika nguo, akapunga mkono. Sikupunga. Nilishika kofia yangu kana kwamba upepo unaichukua.

Same mpaka Moshi

Same tulilala katika jengo la kanisa. Chai ilikuwepo lakini sukari hakuna, kwani mwaka huu sukari imekuwa kama hadithi; tukatia asali ya Kiangi, na mama mwenye hoteli akaomba kijiko kimoja kwa ajili ya mjukuu wake. Alipewa vitatu.

Treni ilitakiwa ifike saa mbili asubuhi. Ilifika saa nane mchana. Upepo wa Same mnaujua. Tulikaa pale tumefunga midomo kwa leso kama watu wanaotaka kuiba. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda Kahe aliuliza kama tunakwenda arusini au msibani. Balozi akamjibu, "Tunakwenda kutoa damu." Yule mzee akachukua mzigo wake akahamia upande wa pili wa kituo.

Tulifika Moshi Jumamosi jua likizama. Nilipomwona Anaeli, sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa masikio, maana hayo ni yangu. Alisema, "Shikamoo babu," kwa sauti ndogo, na ufizi wake ulikuwa na damu.

"Marahaba, mume mwenzangu. Tumekuletea ndugu."

"Wangapi?"

"Kumi na saba."

Alitabasamu akifunika mdomo kwa mkono.

Katika chumba cha Sista

Jumapili baada ya ibada ya asubuhi tuliitwa. Muuguzi aliyetupokea, Sista Aneti, ni Mchaga, mtani wetu. Alisimama mlangoni akatutazama tulivyojipanga kwenye varanda.

"Nyinyi Wapare mmeshuka mlima mzima. Mna kesi na nani?"

"Na ugonjwa, Sista," Kiangi akamjibu. "Na kesi ya Mpare haiishi mpaka ashinde."

"Haya. Nani ndugu wa mtoto?"

Mikono kumi na saba ikainuliwa, wa Mwenyekiti juu kuliko yote.

Sista alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na yule daktari mgeni, mtu mrefu aliyeinama kidogo kama anayezoea milango mifupi. Alisema maneno mengi kwa lugha yake, na Sista akatufasiria. Alisema anawashukuru sana hawa wote. Lakini uboho hautafutwi kwa mjomba wala binamu. "Anataka ndugu wa toka nitoke," Sista akasema. "Baba mmoja, mama mmoja. Kwa hao ndiko kuna matumaini ya kufanana, na hata hapo si wote."

Ndipo daktari akauliza nani kati yetu si wa ukoo wa mtoto kabisa, na wakabaki wamesimama Mwenyekiti, Balozi na mwalimu wa kwaya, nyuso zimewaangukia kama watu waliokamatwa. Kumbe kwao alifurahi. Alieleza kwamba Anaeli ataongezewa damu kabla ya safari, na isiwe damu ya jamaa zake, maana mwili wake ungejifunza kuwakataa mapema. Akataka ya hao watatu. Waliosalia wakaombwa kutoa kwa ajili ya wagonjwa wengine, nao hawakukataa. Mwenyekiti alitangulia, akakunja shati kwa fahari, akaona sindano, akaanguka kama gogo. Alipozinduka alisema, "Chukueni tu nikiwa chini, ni kazi rahisi zaidi."

Tukabaki sisi wachache chumbani: daktari, Sista, Mbonea, Namsifu, mimi, na wale wavulana wawili wakubwa wa Mbonea, Yohana na Daudi.

"Ndugu wa tumbo moja ni wangapi?" Sista akauliza, kalamu mkononi.

"Wawili," Mbonea akasema. "Ni hawa."

"Hakuna mwingine? Aliye shuleni, aliyeolewa?"

Mbonea alimgeukia mkewe. Namsifu alikuwa ameinamia ncha ya kanga yake, anaisokota na kuisokotoa. Hakuniangalia. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameishika amri yangu, na pale mtoto wake akifa chumba cha pili bado aliishika. Nimewahi kuwahubiria juu ya yule baba wa Maandiko aliyeapa haraka, kisha kiapo kikamla binti yake. Nilihubiri vizuri, mlisema. Sikujua nahubiri juu ya nani.

"Yupo mmoja," nikasema. "Wa kike. Tumempita njiani."

Sista akaweka kalamu chini. "Njiani wapi?"

Nikamwambia. Akamweleza daktari, naye akatazama saa yake, kisha dirishani, kisha saa tena. Kasha la damu lingefungwa Jumatatu saa sita mchana.

Namsifu alinifuata mpaka nje. "Baba," akasema, "usimchukue kwa nguvu. Kama Nakijwa akikataa, rudi."

Kurudi Same, na habari ya trekta

Mchungaji wa pale alitupa Land Rover ya usharika na dereva wake, Rajabu, Mzigua mnene anayeimba akiendesha. Lakini mnajua sheria ya siku hizi: kwa sababu ya uhaba wa mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana magari yote yasimame mpaka Jumatatu alfajiri. Tuliondoka saa tano na nusu. Rajabu hakuimba.

Kabla ya Mwanga gurudumu lilipasuka. Tukafunga la akiba. Tulipofika Same ilikuwa saa nane na dakika kumi, na askari kijana alikuwa amesimama katikati ya barabara kana kwamba alituwekea miadi.

"Shikamoo mzee. Zimeni gari."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni safari ya mgonjwa."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Moshi."

"Na gari linakwenda wapi?"

"Huko mbele ya Kisiwani."

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "mbona linamkimbia mgonjwa?"

Nilimweleza yote, naye alisikiliza yote. Akasema akituruhusu sisi atawaruhusu wote, na bosi wake yuko palepale ng'ambo anakunywa chai. Rajabu akazima gari. Akasema, "Mzee, saa kumi na mbili kamili alfajiri nitaliwasha. Ukiwa umefika huko, nitakukuta. Usipofika, sijui."

Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Sikusali kwa maneno. Nadhani nilikuwa naangalia tu vumbi.

Ndipo trekta la kijiji kimoja cha ujamaa likatokea upande wa gereji, na tela nyuma, likielekea njia yetu. Dereva wake, Hoseni, mwenyeji wa Kisiwani, ananijua kwa sababu tuliwahi kugombania mpaka wa shamba la marehemu shemeji yake, nami nikashinda. Alisimama.

"Mwinjilisti. Leo umekalia jiwe?"

Nikamwambia ninakokwenda. Akanyoosha kidole kwenye tela.

Askari akaja. "Hoseni, saa nane imepita."

"Saa nane ya nini?"

"Ya magari."

"Hili ni gari?" Hoseni akauliza. "Afande, soma sheria yako. Trekta ni jembe. Jembe la chuma lenye magurudumu."

"Na tela?"

"Kikapu."

"Na mzee aliye ndani ya kikapu?"

"Mbegu."

Yule kijana alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Nyinyi watu siku ya hukumu mtakata rufaa," akasema, akageuka akaangalia upande wa mlima kwa muda mrefu sana, mpaka tukawa tumeondoka.

Nilisafiri nimekaa juu ya gurudumu la akiba, nimeshika ubao kwa mikono miwili. Sikupata kusikia kelele kama ile. Hoseni alinipa mhogo wa kuchoma, na katika kila shimo mhogo ulitaka kuniingia puani. Kati ya shimo na shimo nilitafuta maneno ya kumwambia binti yangu, na kila niliyoyapata yaliruka nje ya tela.

Mkongeni

Jua lilikuwa bado juu ya mkonge tulipofika. Nakijwa alikuwa anachambua maharage uani. Alinitazama nikishuka, nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo baba. Nani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa mtu."

"Basi anakufa," akasema, akaendelea kuchambua.

Tumaini aliniletea maji ya kunawa, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akatumwa dukani. Luka alitoa kiti akakaa karibu na mkewe. Nikasema yote. Sikuyapanga. Nilipomaliza, Nakijwa alikuwa amechagua mawe yote na sasa anachagua maharage mazima na kuyatupa.

"Ijumaa lori la Bombo lilipita," akasema. "Tumaini alikuja mbio, mama, babu yupo juu ya lori, nimempungia. Nikainjika chai. Nikasema labda wameshindwa kusimama kwenye kona, watarudi kwa miguu. Ile chai tumeinywa jioni sisi."

"Nilikosea."

"Siku ile ulisema mbele ya watu kumi, baba. Mkono juu. Leo unafungua peke yako, kwa trekta?"

"Wote waliobaki ningewaleta. Hakuna nafasi ya kupanda Bombo. Kasha linafungwa kesho saa sita."

Luka akauliza jambo moja tu. "Kumtoa huo uboho, kunamwumiza?"

Nikasema nilivyoelezwa: kwanza ni damu kidogo mkononi. Akionekana anafaa, atakwenda na Anaeli ng'ambo, atalazwa usingizi, uboho utachukuliwa kwenye nyonga, na wake utajijaza tena. Ataumwa nyonga siku kadhaa.

"Na akishafaa," Nakijwa akasema, na hapo sauti yake ikabadilika, "akishampa mdogo wake mifupa yake, nani atamrudisha hapa kwangu aendelee kuniita mama? Apa, baba. Wewe ni mtu wa kuapa."

Hilo ndilo lililokuwa limenikalia tangu Moshi. Ningeweza kuinua mkono tena. Mkono ulitaka kuinuka wenyewe.

"Siapi," nikamwambia. "Niliapa mara moja, na kiapo changu kilinipitisha hapa Ijumaa kama mwizi. Namsifu amesema ukikataa nirudi. Nami nitarudi."

Akainuka akaenda jikoni. Tulikula ugali na mlenda, na Tumaini akanisimulia habari za shule, jinsi mwalimu wao anavyowapeleka shamba la shule kila siku ya Ijumaa. Nilikuwa babu yake kwa njia zote mbili, na sikuweza kumtazama kwa njia yoyote. Nililala mapema sebuleni.

Jumatatu

Niliamka nikakuta uani hakuna mtu. Luka alisema wamekwenda bombani kuchota maji, mama na binti. Walichelewa. Walipotokea, ndoo zilikuwa vichwani. Nakijwa aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Tumaini alikuwa amevaa sare ya shule, imepigwa pasi, macho mekundu. Hawakuniambia walichosemezana, wala sijauliza.

Rajabu alifika saa moja na nusu. Lakini kabla hajageuza gari, wafanyakazi walikuwa wamelizunguka, na mapanga ya kukatia mkonge yako mikononi. Mtu aliuliza linakwenda wapi, mwingine akajibu msichana anapelekwa kutolewa damu, na neno lile baya likaanza kutembea: mumiani. Mama mmoja alimshika Tumaini mkono. Rajabu alipandisha kioo.

Luka alianza kueleza, wakamzidi sauti. Ndipo Nakijwa akapanda kwenye ngazi ya gari.

"Mumiani ni baba yangu huyu," akasema, akinionyesha kidole. "Mtazameni vizuri. Baba, fungua mdomo."

Nikafungua mdomo.

"Amebakiwa na meno matatu. Atanyonya damu ya nani? Tupisheni, mtoto wangu anakwenda kumponya ndugu yake."

Walicheka kwanza wawili, kisha wengi. Wakatupisha, na yule mama akampa Tumaini yai la kuchemsha la kula njiani.

Makorongo yote ya njiani yalikuwa makavu. Kwenye kizuizi cha Same yule askari alitupungia tupite bila kusimamisha. Kuanzia Mwanga Rajabu alianza kuimba, na mimi nikawa nahesabu milingoti ya simu. Saa sita kasoro dakika ishirini tuliingia hospitalini. Sista Aneti alikuwa amesimama kwenye ngazi, na nyuma yake Namsifu.

Wanawake hao wawili hawakusalimiana. Sista alimpitisha msichana chumbani, akafungua daftari. "Kabla ya kumtoboa mtoto lazima mama yake akubali. Mama yake ni nani?"

"Ni huyu," Namsifu akasema, akimwonyesha Nakijwa.

"Ni huyu," Nakijwa akasema wakati uleule, akimwonyesha Namsifu.

Sista aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Saa ilikuwa inakwenda, daktari ameshika sindano.

"Miaka kumi na miwili nafanya kazi na Wapare," akasema, "nimeona wakigombania kuku, mti, na kivuli cha mti. Leo ndio naona wanasukumiana ushindi. Wekeni vidole hapa, wote wawili."

Wakaweka. Tumaini alinyoosha mkono, akageuza uso ukutani. Damu ilipanda ndani ya bomba jembamba, nyeusi kuliko nilivyotazamia. Ilitiwa kwenye kasha pamoja na ya Yohana na ya Daudi, na kasha likafungwa, na gari la kwenda uwanja wa ndege likaondoka. Nilikaa sakafuni. Mwenyekiti alinisogelea akasema, "Karibu, Mwinjilisti. Huku chini nimekwishapazoea."

Bombo

Tulingoja wiki nne. Anaeli aliishi kwa damu ya Mwenyekiti, ya Balozi na ya mwalimu wa kwaya, na mama yake anasema siku alizopewa ya mwalimu alikuwa akiimba. Hilo siwezi kulithibitisha.

Jibu lilikuja kwa mchungaji, kama barua ya kwanza. Safari hii niliisoma peke yangu kabla ya kumsomea mtu. Damu ya Yohana haifanani. Ya Daudi haifanani. Ya Tumaini inafanana kabisa.

Wanaondoka mwisho wa mwezi huu, Anaeli na Tumaini, pamoja na Nakijwa. Namsifu mwenyewe ndiye aliyesema aende Nakijwa, kwa sababu mtoto akiamka na maumivu ya nyonga amkute mama aliyemzoea, na Anaeli naye shangazi yake anamtosha. Daktari hakutuficha. Amesema uboho unaweza kukataa kuota, na kwamba wapo watoto wasiorudi. Haya nayajua, nanyi myajue, ili msiombe kama watu wasiojua wanachoomba.

Jumamosi iliyopita Nakijwa alimleta Tumaini huku mlimani. Niliwaita wale wazee kumi, waliobaki saba, nikasimama palepale niliposimama zamani, nikafungua kwa kinywa nilichofungia. Nilisema mtoto huyu ana mama wawili, na asiwepo wa kukatazwa kusema hivyo. Sikuinua mkono.

Baadaye Tumaini alikuja kuketi nami, tukimenya ndizi za jioni. Alikuwa na swali, nikaona linavyomzunguka.

"Babu, sasa Anaeli nimwiteje?"

Nilidhani huu ndio mzigo niliomtwika, nikatafuta jibu la kiutu uzima. Nikamuuliza, "Zamani ulikuwa unamwitaje?"

Alifikiri, kisu mkononi.

"Ndugu yangu," akasema.

Akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya.